Ndiyo za Mzee Sikio

Pale kliniki ya meno walimpachika jina la Mzee Sikio, naye akalipokea kama mtu anayevishwa nishani. Jina lenyewe lilikuwa kichekesho, ila aliyejua kwamba ni kichekesho alikuwa mmoja tu, na huyo hakucheka. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa miaka sita iliyopita. La kulia lilikuwa linafuata taratibu, kama mjumbe anayetoka kikaoni kwa kunyata ili mwenyekiti asimwone.

Alikuwa fundi wa meno bandia. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa ya jengo, mlango wa mwisho baada ya stoo, na dirisha lake moja lilitazama ukuta wa jirani. Humo aliketi tangu ujana, akimimina plasta kwenye kalibu, akisaga, akichonga na kung'arisha meno ya watu ambao hatawaona wakitafuna, huku mashine ya kusagia ikimpigia mluzi kutwa nzima. Zamani daktari alimletea vizibo vya masikio. Akavitupa kwenye droo, akasema hivyo ni vya watu laini. Baada ya miaka thelathini mashine ilikuwa bado nzima.

Mtu mwingine angekwenda kupimwa. Yeye alijifunza kutikisa kichwa.

Na si kwamba ilihitaji akili nyingi. Mtu akiingia na uso ulionyauka, alipewa "pole sana." Akija amevimba kwa hasira, "watu wengine ndivyo walivyo." Akiuliza kitu, na hilo fundi alilijua kwa nyusi kupanda, jibu lilikuwa "wewe fuata moyo wako." Penye shaka, "kweli kabisa," ambalo halijawahi kumkosea mtu. Kati ya jibu na jibu alikuwa anawatazama mdomoni kwa makini, nao wakaona wamepata mtu wa kuwasikiliza kwa moyo wote. Kumbe alikuwa anatazama meno. Mpokezi wa kliniki, binti mchangamfu wa miaka ishirini na sita, alimlilia habari za mchumba wake kila mchana kwa mwaka mzima, na kitu pekee ambacho fundi angeweza kuapa juu yake ni kwamba gego lake la chini kulia linahitaji kuzibwa.

Walikuja wote. Mlinzi alikuja na ugomvi wa kiwanja na kaka zake. Daktari mwenyewe, bwana aliyenukia manukato tangu mlangoni, alikuja kufunga mlango na kueleza kitu kirefu ambacho mpaka leo hakijulikani. Wote walitoka wamepona. Kwenye sherehe ya kufunga mwaka wakampa cheti chenye fremu, kimeandikwa kwa wino wa dhahabu: Msikilizaji Bora. Alipoombwa aseme neno, alitikisa kichwa kwa unyenyekevu, watu wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi.

Aliwadharau kupita kiasi. Alikuwa anawatazama wakitoka na nyuso zilizooshwa, akijisemea moyoni: hawa hawataki kuambiwa kitu, wanataka ukuta wenye miwani. Kama maneno yao yangekuwa na uzito wowote, si wangegundua kwamba hayajafika? Akahitimisha kwamba mazungumzo ya binadamu ni kelele tu, na kwamba yeye, kwa bahati, ameshushiwa pazia. Falsafa hiyo ilimfaa sana. Ilimwondolea hata ile aibu ndogo iliyokuwa inamchoma asubuhi anapojiangalia kwenye kioo.

Nyumbani alikuwa na mke, mwalimu wa shule ya msingi, na fundi alimwita hivyo hivyo, Mwalimu. Binti yao mmoja alikuwa ameshaolewa mbali, kwa hiyo walibaki wawili kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Mwalimu alikuwa na tabia ya kuongea akiwa anaosha vyombo, ameipa meza mgongo, na bomba linatiririka. Kwa fundi maneno yote yalikuwa bomba tu. Alikuwa anatupa "sawa" moja kila baada ya dakika mbili kama mtu anayelisha kuku, na maisha yakaenda.

Jumamosi moja asubuhi alikwenda kwa fundi viatu. Aliporudi alikuta gari dogo la mizigo mbele ya nyumba. Nyuma ya gari palikuwa na godoro, masanduku mawili, na lile kabati la vitabu ambalo Mwalimu hakuruhusu mtu aliguse. Shemeji yake, mdogo wa Mwalimu, dereva mwenye shingo pana, alikuwa anafunga kamba.

"Shemeji, mnapeleka wapi godoro?"

Shemeji alimtazama kama mtu aliyesikia mzaha kwenye msiba. Midomo ilisema kitu kifupi. Fundi akaingia ndani.

Mwalimu alikuwa chumbani anakunja nguo. Alipomwona aliinua uso, na kwa kuwa walikuwa wanatazamana, na chumba ni kidogo, maneno yalifika.

"Unakwenda wapi?" fundi akauliza.

"Tafadhali, fundi. Leo usinifanyie hivyo."

"Nakuuliza swali la kawaida. Unakwenda wapi na godoro?"

"Nakwenda kule nilikokuambia. Shule mpya, wamenipa ualimu mkuu, miaka miwili. Nilikuambia siku barua ilipokuja. Nikakuambia tena Jumapili iliyofuata. Mara ya tatu nikakuuliza kabisa: una neno lolote? Kama una neno, sema, nitawaandikia nikatae. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Fundi hakukumbuka, lakini alikisia.

"Ulisema nifuate moyo wangu," Mwalimu akasema. "Ukavuta gazeti. Mke uliyeishi naye miaka ishirini na minane anakuambia anahama nyumba, wewe unavuta gazeti. Basi nimefuata."

Hapo angeweza kusema ukweli. Ulikuwa umesimama mbele yake, hauna hata nguo. Lakini mtu aliyedanganya miaka sita hawezi kuacha asubuhi moja kwa kuona godoro.

"Nilikuwa nimechoka," akasema. "Siku zile tulikuwa na kazi nyingi. Meno ya watu wengi."

Mwalimu alimkazia macho, kwa muda mrefu, kama anavyomkazia mwanafunzi anayesema daftari lake limeliwa na panya. Kisha akamgeuzia mgongo, akaendelea kutoa nguo kwenye kabati la nguo na kuzikunja. Fundi aliona mabega yakipanda na kushuka. Akajua anaongea. Akasubiri mabega yatulie.

"Kweli kabisa," akasema.

Mwalimu akageuka polepole.

"Umesema kweli kabisa?"

"Ndiyo. Una haki."

"Nimesema asubuhi nimekutilia sumu kwenye chai, na kabla ya adhuhuri utakuwa umekufa."

Mwalimu aliketi juu ya kitanda kisicho na godoro, kwenye mbao, na gauni moja mkononi. Fundi alibaki amesimama. Alihisi jasho likimtoka mgongoni kama mwizi aliyewashiwa taa.

"Tangu lini?" Mwalimu akauliza. Sasa alikuwa anaongea kwa kupaza sauti, neno moja moja.

"La kushoto, miaka sita. Hili lingine, mitatu hivi."

"Miaka mitatu!"

"Linasikia kidogo. Mtu akiwa karibu. Akinitazama."

"Nje mdogo wangu anapiga honi mpaka majirani wametoka. Huisikii?"

"Siisikii."

Kama kuna mtu anayetarajia kwamba Mwalimu alimkumbatia, hajakaa na mwanamke aliyeongea na mgongo wa kiti kwa miaka mitatu. Alisimama, akampiga kwa lile gauni kifuani, halikuumiza, akampiga tena.

"Nilidhani hunipendi!" akapiga kelele, na hilo lilisikika vizuri mno. "Nilidhani umenichoka! Mimi nimekaa humu najiuliza nimekosa nini, kumbe mwenzangu ni kiziwi mwenye maringo! Ungeona aibu gani? Kwa nani? Mimi niliyekufulia soksi?"

"Mwalimu, nisikilize..."

"Nikusikilize? Wewe ndiye wa kuomba kusikilizwa?"

Akaanza kumrudishia yote. Alimsimamia karibu, uso kwa uso, akamsomea miaka mitatu kama anayeita majina ya darasa. Nilikuambia paa la jikoni linavuja, ukasema pole. Nilikuambia mtoto wetu ameharibikiwa mimba, ukasema watu wengine ndivyo walivyo. Nikamficha asijue ulivyojibu, nikamwambia baba amelia. Fundi aliinua mkono kama anayezuia gari.

"Ameharibikiwa... lini?"

"Mwaka juzi. Na mwaka jana, mimi, nilipata uvimbe hapa." Akagusa chini ya kwapa. "Nilitoka hospitali, nikakaa pale mezani, nikakuambia daktari anataka ukatwe na sijui kama ni ule mbaya. Nikakuambia naogopa. Unajua ni mara ngapi maishani nimemwambia mtu naogopa? Ukatikisa kichwa, ukasema kweli kabisa. Nikaenda nikakatwa peke yangu. Nilikuambia nakwenda kwa dada, ukasema sawa."

"Ulikuwa ule mbaya?"

"Haukuwa."

Fundi aliketi chini, sakafuni. Huyu ndiye aliyekuwa anasema maneno ya watu hayana uzito. Miaka yote aliyojisifu kwamba amewakamata watu wote wakiongea upuuzi, kumbe alikuwa amewahukumu bila hata kuwasikia, kama hakimu anayelala kitini na bado anawakatia watu miaka. Alitaka kusema samahani, akaona ni neno la mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake. Akasema kitu kingine, ambacho hakuwahi kumwambia mtu.

"Baba yangu alikuwa haisikii mashine ya kusaga hata ikiwa nje ya mlango."

"Najua. Ulinieleza alikuwa kiziwi."

"Sikukueleza tulivyomfanyia. Tulikuwa tunakaa naye mezani, mimi na wenzangu, tunachezesha midomo bila sauti. Tunajifanya tunamwambia kitu cha maana. Naye anaitikia: ndiyo, ndiyo, mwanangu. Tunacheka mpaka tunaanguka. Mimi ndiye niliyeubuni mchezo huo." Aligusa sikio la kushoto. "Siku nilipojua langu limekufa, niliona uso wake. Nikasema mimi hawatanicheka. Bora nife nikitikisa kichwa."

Kabla Mwalimu hajajibu, shemeji aliingia, uso umemwiva, akauliza kama safari ipo au haipo. Mwalimu akamweleza kwa maneno mawili.

"Kiziwi?" shemeji akasema, na kwa hisani yake akapaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya barabara. "Na mimi niliyekuomba ushauri wa kununua hili gari! Ukaniambia kweli kabisa! Linakula oili kama limelaaniwa!"

"Toka nje," Mwalimu akamwambia. "Subiri."

Shemeji akasubiri. Alisubiri mpaka saa tisa alasiri, akalala ndani ya gari miguu ikiwa dirishani, na hao wawili wakawa bado sakafuni wanaongea. Haikuwa nzuri kuitazama. Walikatizana, walirudia neno moja mara tano, fundi akisikia "mto" badala ya "mtoto" na kujibu mambo ya mto. Wakati mmoja Mwalimu alicheka kwa hasira, halafu akacheka kweli, halafu akalia. Naye Mwalimu alikuwa na lake la kukiri: kwamba alianza zamani kushuku, na hakuuliza, kwa sababu mume asiyejibu alimpa haki ya kujiona mtakatifu anayeteswa. Alilisema hilo akitazama pembeni, na fundi akamshika kidevu akakigeuza.

"Rudia. Hapo sikusikia."

Akalirudia, na mara ya pili lilimgharimu zaidi.

Mwishowe fundi akasema, "Sitaki uende."

"Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta wiki tatu zilizopita."

"Basi utabaki?"

"Hapana. Nakwenda." Akamfuta vumbi begani. "Naitaka ile kazi, fundi. Ningeitaka hata kama ungekuwa na masikio ya popo. Lakini sasa nakwenda nikijua ninachoacha. Jana nilikuwa nakimbia tu."

Akaondoka. Fundi alibaki na nyumba isiyo na kabati la vitabu.

Jumatatu alikwenda kupimwa, Ijumaa akawekewa kifaa cha kusikia, kidogo kama kipande cha korosho, na akarudi kliniki akiwa na uso wa mtu aliyeteremshwa sokoni bila suruali. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba viatu vyake vinalia. Hakujua kwamba daktari ana sauti nyembamba namna ile, au kwamba anapotafuna yeye mwenyewe anasikika kama punda. Aliwaita wote kwenye chumba cha mapokezi, akawaambia ukweli kwa sentensi tatu.

Ungedhani amewaibia. Mlinzi alisema huo ni utapeli. Daktari alikwenda mpaka ukutani, akakiondoa kile cheti, akakitia kwapani, kisha akarudi kuuliza kwa kunong'ona kama kweli, kweli kabisa, fundi hakusikia *lile jambo*. "Hata silabi moja," fundi akamhakikishia, na daktari akavuta pumzi ya mtu aliyefutiwa kesi. Ndivyo walivyokuwa: walikasirika kwamba hawakusikiwa, na papo hapo wakashukuru. Wiki nzima hakuna aliyekanyaga chumba cha nyuma. Na kwa kuwa sasa aliwasikia wakipiga soga kwenye korido, fundi alithibitisha kwamba hakuwa amewakosea sana. Sehemu kubwa ilikuwa upuuzi kweli. Walisifiana viatu, walilaani foleni, walisema "tuko pamoja" na watu ambao hawakuwa pamoja nao hata kidogo. Ila sasa ilimbidi akae macho kwa sababu ya ile sehemu ndogo iliyobaki, na hiyo haikuja na kengele.

Mpokezi alirudi Jumatano ya wiki iliyofuata. Hakuketi.

"Kwa hiyo mwaka mzima, mzee."

"Mwaka mzima."

"Nikuambie nini nilikuuliza? Nilikuuliza kama nikubali pete. Mara ya pili nikakuuliza kama niache kazi nimsaidie kwenye biashara yake ya kupiga picha za harusi. Ukasema nifuate moyo wangu. Pete nimeivaa, na barua ya kuacha kazi nimeshaiandika. Iko kwenye mkoba."

"Kwenye hiyo biashara utakuwa nani?"

"Nitamsaidia."

"Kufanya nini?"

"Kubeba taa. Kupanga watu. Na nyumbani vilevile, kwa sababu anasema msanii hawezi kuwa na mawazo ya jikoni."

Fundi alizima mashine. "Huyo hatafuti mke. Anatafuta mpagazi asiyedai mshahara."

Mpokezi akang'aka. "Mzee! Umemjua lini? Hujawahi kumwona!"

"Nimekujua wewe. Kila mchana unakuja hapa unalia. Sikuwa nasikia, lakini sikuwa kipofu. Mtu mwenye furaha halii mchana."

"Hukuulizwa!"

"Umeniuliza mara arobaini. Leo ndiyo nimekujibu."

Akatoka na kubamiza mlango, na fundi, aliyekuwa hajasikia mlango ukibamizwa kwa miaka, akaruka kitini. Kesho yake binti alirudi, macho yamevimba, akiwa na hoja sita za kumtetea mchumba wake. Fundi alikubali mbili, akazikataa nne. Walibishana mpaka chakula kikapoa. Barua haikutoka kwenye mkoba wiki hiyo, wala iliyofuata. Pete nayo haikutoka kidoleni. Lakini hakuja tena kulia. Alikuja kubishana, na alipokuwa anabishana alikaa wima. Katikati ya mabishano hayo, fundi akamshawishi daktari amzibe lile gego.

Mwezi ulipoisha alipanda basi kwenda kwa Mwalimu, mwendo wa saa sita. Alikuta amepanga chumba kimoja nyuma ya shule, vitabu vimepangwa sakafuni kwa sababu kabati halikupita mlangoni. Wakaketi nje kwenye ngazi, wanatazama uwanja wa shule usio na nyasi. Mwalimu alikuwa amekonda kidogo na alionekana mdogo kwa miaka kumi, jambo ambalo halikumfurahisha fundi hata kidogo, na akamwambia hivyo.

"Unapendeza kuliko nilivyotaka."

"Wivu?"

"Ndiyo. Na mwanetu nimempigia simu. Nimemwambia kwamba sikulia. Kwamba sikujua."

"Akasemaje?"

"Alilia yeye, halafu akanisimulia yote, na mimi nikamwomba arudie kila mahali nisiposikia. Akarudia." Fundi akakirekebisha kifaa chake. "Bado amekasirika. Nimemwambia akasirike tu, mimi nipo."

Mwalimu aliuweka mkono wake juu ya goti la mumewe. Akamweleza habari za walimu wake, mmoja mvivu, mmoja anayemdharau waziwazi kwa kuwa ni mwanamke, na fundi akauliza maswali, mengine ya kijinga.

"Miaka miwili ikiisha, utarudi?" akauliza mwisho.

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, fundi. Unataka nikudanganye?"

Ilimchoma, na hakuwa na pazia la kujifichia. "Hapana," akasema. "Ila nitakuuliza tena kila nikija. Na kuna siku nitaanza kufikiria kuleta mashine yangu huku, kama kuna mtu ana meno mabovu."

"Wapo wengi. Lakini mimi nimezoea kulala peke yangu na taa inawaka, nikisoma, na hapo ndipo..."

Lori la mchanga likapita barabarani, likameza kila kitu. Mwalimu akanyamaza, akangoja lipite kabisa na vumbi litulie. Kisha akamgeukia, akaanza tena pale alipoachia.